Kilometa za Dereva

Mtaa mzima ulijua kuwa Mama Pasi ana shangingi, na mtaa mzima ulijua kuwa Mama Pasi huenda sokoni kwa miguu. Kwa hiyo usidhani alikosa wa kumcheka.

"Mama Pasi, gari liko likizo tena leo?" muuza mkaa alikuwa akimuuliza kila akimwona anapita na kapu.

"Lilinibeba sana jana, limechoka," naye hujibu bila kusimama. Wakacheka, na kila mmoja akaendelea na shughuli zake.

Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Barazani aliweka meza ndefu ya mbao, ameitandika blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, na pasi mbili za umeme, na ya tatu ya mkaa kwa siku ambazo umeme unakatika. Alipokea mashuka ya nyumba ya wageni, makoti meupe ya duka la dawa, na mashati ya mtu yeyote mwenye miadi asubuhi. Ukimpa shati lenye kifungo kinachoning'inia, linarudi kifungo kimekazwa, wala haongezi bei. Watu walimpenda kwa hilo, ingawa hawakuacha kumtania.

Na shangingi lenyewe? Lilikuwa uani, nyuma ya kamba za nguo, chini ya turubai la kijani. Ukilifunua, unakuta gari kubwa, refu kwenda juu, rangi ya buluu iliyoiva mpaka unajiona sura yako ubavuni mwake. Ndani kuna viti vya ngozi, bado vimevalishwa nailoni ya kiwandani, na kwenye dashibodi kuna ubao uliong'arishwa kama meza ya waziri. Mlango wake ukiufunga haupigi kelele. Unanyamaza tu, kama mtu aliyemaliza kusema. Wapita njia waliowahi kuliona walitikisa kichwa na kusema gari la namna hii halitengenezwi tena.

Lilikujaje mikononi mwa watu wanaopiga pasi? Mumewe, ambaye watu walimwita Dereva, alimwendesha mkurugenzi wa kampuni moja miaka kumi na saba. Kampuni ikafa. Siku ya mwisho mkurugenzi akamwita ofisini, meza tupu, simu imeshakatwa, akamwambia, "Haki zako sina pa kuzitoa. Chukua gari. Lina thamani kuliko yote ninayodaiwa na wewe." Dereva akachukua ufunguo. Hakulifikisha nyumbani siku ile wala ya pili. Alisema analipeleka kukaguliwa. Siku ya tatu akaingia nalo uani taratibu, mke wake akiondoa nguo kwenye kamba ili lipite.

"Tazama hapa," alimwambia, akimwonyesha namba kwenye dashibodi. "Elfu thelathini na nane. Gari hili bado bichi. Bei ya gari la hivi, mke wangu, iko kwenye kilometa. Kila kilometa tutakayotembea, tumebomoa tofali la nyumba yetu wenyewe. Tulitunze. Siku moja tutaliuza, tununue nyumba."

Maana walikaa kwenye nyumba ya mdogo wake Dereva, kwa kodi ya kindugu, na nyumba ya kindugu haikosi siku yake.

Basi ikawa sheria. Gari halitoki. Kila Jumamosi asubuhi Dereva analifunua, anawasha injini robo saa, anapangusa vumbi, anazima, anafunika. Mama Pasi akishika fundo la mashuka kichwani na kulipita gari lake akielekea nyumba ya wageni, hakunung'unika. Aliona anabeba matofali.

Kisha Dereva akaugua kifua. Hospitali haikuwa karibu, na kila wiki walitakiwa kwenda mara mbili. "Leo tulitoe," mkewe alimwambia. "Gari ni la nini basi?" Dereva alikataa. Akakataa kwa ukali ambao hakuwa nao kwa jambo lingine lolote. Wakapanda bajaji. Mara ya mwisho mvua ilikuwa inaingia ubavuni, na Mama Pasi alishika pazia la nailoni kwa mikono yote miwili njia nzima ili maji yasimfikie mgonjwa magotini. Wakati huo gari liko uani, kavu kabisa chini ya turubai. Siku tatu baadaye Dereva alifariki wodini.

Mjane akaendelea na Jumamosi zake. Miaka minne. Robo saa, kitambaa, turubai.

Halafu mdogo wa marehemu akaja, mchana, akakaa kwenye kiti cha wateja akiwa bado ameshika kofia yake.

"Shemeji, sijui nianzie wapi."

"Anzia mwisho, nina mashuka yanasubiri."

"Nimepata mtu wa kuinunua nyumba. Anataka kuifanya ghala la saruji. Lakini wewe ndiye wa kwanza. Nitakusubiri mpaka mwisho wa mwezi, bei ni ileile yake, sikuongezei hata senti. Ukishindwa, itabidi..." Akaigeuza kofia.

"Sitashindwa," Mama Pasi alisema. Alikuwa anatabasamu. Ndiyo siku aliyokuwa akiingojea. Bei aliyotajiwa ililingana karibu kabisa na bei ya gari kama lile lenye kilometa chache kama zile. Alikuwa ameshauliza kwa madalali zaidi ya mara moja.

Na mnunuzi alikuwepo. Mfamasia, yule mwenye makoti meupe, alikwisha kumwambia mara nyingi, "Mama, siku ukiamua kuuza, kabla hujamwambia mumeo kaburini, niambie mimi." Wakapatana bei. Mfamasia atalijaribu barabarani Jumamosi, likimridhisha anatoa fedha yote.

Mama Pasi akamwita fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu. Jina lake la mtaani Koleo, kwa sababu koleo halitoki mfukoni mwake hata akienda msibani. Koleo alifanya kazi siku mbili. Betri ilikuwa inakaribia kufa, tairi zimejaa nyufa kwa kusimama, na mito ya hewa inayolibeba gari kwa nyuma ilikuwa imenywea, gari limepiga magoti kama ngamia.

"Gari halipendi kukaa, dada," alisema. "Kukaa kunaliua kuliko kutembea. Hiyo robo saa yenu mlikuwa mnaliamsha tu halafu mnalirudisha kitandani."

Akabadilisha, akafunga, akajaza, akawasha. Injini ikaunguruma kwa upole. Mama Pasi alikuwa amesimama na kikombe cha chai cha fundi mkononi, furaha imemjaa. Lakini Koleo hakupokea chai. Alikuwa anaitazama ile namba ya kilometa.

"Kaa kidogo, dada."

"Nikae nini, umemaliza."

"Namba hii niliiandika mimi."

Mama Pasi hakuelewa. Koleo akasema tena, polepole, macho kwenye usukani. Siku ile Dereva alipopewa gari, alilipeleka kwake kwanza. Dashibodi ilikuwa inasoma kilometa laki mbili na elfu kumi na nne. Akamwomba azirudishe nyuma.

"Alitaka kumwibia nani?"

"Hakuna. Alitaka wewe usiione. Alisema, mke wangu akiona namba hii atajua nimelipwa miaka kumi na saba kwa gari lililochoka. Aliona aibu, dada. Ndiyo sababu hakutaka litembee. Aliogopa litamzimikia njiani na wewe umo ndani, na fedha ya spea hana. Hayo ya kutunza bei aliyatunga baadaye."

"Na kwenye bajaji?"

Koleo akachukua chai, akainywa yote kwa mkupuo kama dawa. Kisha akasema, "Mfamasia hana mashine ya kupimia. Ukinyamaza, mimi nilishanyamaza zamani. Magari yote ya mji huu yamepunguziwa umri, kama sisi tunapoomba kazi."

Alitaka kumchekesha. Mama Pasi alirudi barazani. Usidhani aliunguza nguo ya mtu. Alipiga pasi mashuka kumi na mawili, akayakunja pembe kwa pembe, halafu akayakunjua yote na kuyapiga upya.

Jumamosi mfamasia akaja amevaa shati alilopigiwa pasi na mwenye gari. Akamfungulia mlango wa mbele. "Panda mama, unionyeshe mali yako."

Hapo ndipo nataka unielewe. Mama Pasi hakuwa amewahi kupanda gari hilo likatembea. Lilipotoka getini na kushika lami, alishika mpini wa mlango akitarajia mtikisiko, na mtikisiko haukuja. Mashimo ya barabara ya soko, ambayo miguu yake iliyajua moja moja, yalipita chini kama hayapo. Kelele za mtaa zilibaki nje ya kioo. Muuza mkaa aliwapungia mkono, mdomo wake unatania lakini sauti haifiki. Alihisi kama ni dakika chache tu kutoka nyumbani hadi njia panda ya hospitali. Njia hiyohiyo bajaji ilikuwa inachukua nusu saa.

"Hili ni gari," mfamasia alisema, akilegeza usukani kwa vidole viwili. "Kwa kilometa hizi, mama, hata maisha halijaanza. Nakuambia ukweli, ningeweza kununua la bei rahisi. Lakini mke wangu anajifungua mwezi ujao, na daktari wake yuko ng'ambo ya mlima. Mimi sitaki gari litakalonizimikia njiani na mgonjwa ndani."

Mama Pasi alitazama mbele. Alijua kabisa cha kufanya, nacho ni kutofanya kitu. Nyumba ilikuwa yake mpaka pale. Meza, baraza, kamba za nguo, vyote vyake.

"Hizo kilometa si zake," alisema.

"Unasemaje?"

"Zilirudishwa. Limetembea laki mbili na zaidi. Marehemu alizirudisha."

Mfamasia alilisogeza gari kando akasimama. Akampigia hesabu kwa sauti ya upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kugombezwa. Injini ya laki mbili. Giaboksi isiyojulikana. Spea za magari haya zinaagizwa kutoka mbali. Yeye atamtafutia mke wake gari la kukodi kwa safari ile, ila hili bado analipenda, na mama akitaka atampa bei yake halali. Bei yenyewe ilizidi kidogo tu theluthi ya ile ya kwanza.

"Ungeninyamazia tu, mama," alisema, kama anamlaumu kwa kumharibia asubuhi.

Madalali wawili walimwambia bei hiyohiyo, mmoja alimcheka. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku nne. Akamuuzia mfamasia.

Mdogo wa marehemu alipopelekewa fedha aliipokea kwa mikono miwili, akaihesabu, akairudisha kwa mikono miwili. "Haifiki hata nusu, shemeji. Na mimi nina shida zangu." Alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyemwonea mwenzake pale, na ndiyo maana hakukuwa na wa kugombana naye.

Mama Pasi alihamia chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha mikate. Joto la tanuri lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Meza haikupita mlangoni, akaita seremala aikate, na kwenye nusu iliyobaki shuka la kitanda kikubwa halienei. Nyumba ya wageni ikapeleka kazi kwingine. Yakabaki mashati, na makoti meupe.

Mfamasia ndiye aliyeyaleta mwenyewe, miezi mitano baadaye, uso wake unang'aa. Gari lile la kukodi halikutokea siku ya uchungu, kwa hiyo alitoka na lile lile shangingi, mvua, mlima, kwenda na kurudi. Mtoto amezaliwa salama, wa kike. Tangu hapo linakwenda mlimani kila wiki.

"Halijanidai hata plagi, mama! Wanaoyajua wananiambia magari haya laki mbili ni ujana tu, yanaenda mpaka tano ukiyatunza. Haki ya Mungu, nilikuonea. Ningejua, ningekupa bei yako ileile."

"Basi niongezee sasa," Mama Pasi alisema.

Mfamasia akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Wewe mama, wewe! Hata baada ya yote hayo bado una utani." Akaweka makoti mezani, sita, akauliza yatakuwa tayari lini.

"Alhamisi."

Akaondoka akiwa bado anacheka. Mama Pasi alichukua koti la kwanza, akakuta mfukoni kalamu imevuja wino. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kulisugua doa kwa limau na chumvi.