Mzee Aliyeficha Mifagio Gikondo

Habari ilinikuta kwenye kiti cha kinyozi, Nyamirambo, povu limenijaa kidevuni: yule mzee wa karakana ya mawe pale Gikondo, adui wa mifagio, amefariki. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka kinyozi akaurudisha nyuma wembe wake na kuniuliza kama nina akili timamu. Nilimwambia ninazo, ila mzee yule nilimpenda, na kila nikimkumbuka kicheko kinaanza chenyewe.

Katika mji huu wetu wa Kigali, ambako mtu hukutana na ufagio kabla hajakutana na jirani, yeye aliifungia mifagio kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Kazi yake ilikuwa kukata graniti za majikoni, na jiwe hilo, alituhubiria sana, lina madini ya silika ndani yake. Ukilikata kavu linatoa unga mwembamba ambao hata kikohozi hakiutoi. Unashuka mapafuni na kuhamia huko. Kwa hiyo maji yalitiririka kwenye msumeno wakati wote, barakoa ilikaza uso, sakafu ilipigwa deki, na ovaroli haikuvuka geti. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na wallahi yeye alimaanisha nguo yenyewe.

Mimi, miaka hiyo, nilikuwa mteja. Nilikuwa nimejenga Ndera, wageni wa kuiona nyumba walikuwa waje Jumapili, na sinki langu lilikaa juu ya matofali likisubiri jiwe. Alhamisi asubuhi nikaenda kulifuata, nikawakuta mafundi wamechanganyikiwa: mkaguzi wa usalama kazini anakuja saa nne, mzee yuko mjini anafuata barakoa mpya, na deki inakwenda polepole. Fundi mmoja kijana akaazima mifagio kwa jirani. Nami, msomaji wangu, nikavua koti nikashika mmoja! Mkazi wa Kigali aone uchafu na mgeni yuko njiani, afanyeje? Tukafagia kwa raha zetu, kila mtu na kona yake, tukisukumana na kutaniana. Barakoa zilining'inia shingoni. Sakafu ikang'aa kama sahani ya harusi.

Mzee na mkaguzi wakaingia pamoja. Mkaguzi, mama wa makamo, akaitazama sakafu, akatabasamu, akatoa kalamu. Fundi aliyeazima mifagio akajivuna: "Iko safi kabisa, Madamu." Mzee akatuangalia nywele, ambazo zote zilikuwa zimeota mvi ya vumbi tangu asubuhi. Angenyamaza tu, cheti kingekuwa chake na jiwe langu.

"Madamu, usisaini kwanza," akasema, akampeleka dirishani, jua lilipokuwa linaingia. "Unaona vumbi hili linalocheza? Lilikuwa sakafuni. Sasa liko hewani, linatafuta mtu. Na hili ni lile nene. Lile baya hata jua halilioni."

Karakana ikafungwa siku tano, mpaka ipatikane mashine ya kufyonza vumbi. Wageni wangu waliosha vyombo uani, ndani ya beseni, wakinicheka. Nilimpa mzee majina ambayo mhariri wangu hawezi kuyaruhusu hapa. Yule fundi wa mifagio aliapa kwamba harudi tena. Jumatano akarudi, amenuna.

Matangani mjane wake alitueleza jambo ambalo mzee hakuwahi kulisema. Ujanani alikata mawe makavu miaka mingi huko Kampala, na daktari alishamwambia kwamba vumbi lililoingia halitoki. Kanisani hakumaliza ubeti wa wimbo bila kupumzika. Maji yote yale, deki zote zile, kwake yeye hayakuwa na faida hata kidogo. Kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa na kicheko.

Halafu kaburini mafundi wake wakaanza kuimba. Aliyeanzisha alikuwa yule yule aliyenuna, mtu mzima sasa, na ubeti aliuvuta mpaka mwisho kwa pumzi moja. Wenzake wakaupokea kwa nguvu hivi kwamba wenye pikipiki barabarani wakageuza shingo. Watu hawa wamekata graniti karibu maisha yao yote! Nikalia, nikacheka, nikashindwa kujua ninafanya lipi.

Sisi wapenda usafi tumezoea kusifu tunachokiona. Ukiingia mahali pa kazi ukakuta panang'aa, usikimbilie kusifu. Uliza vumbi limeingia kwa nani.