Kiberiti Nyuma ya Kaseti

Baba aligoma kuminya mpira. Kiharusi kilikuwa kimeuacha mkono wake wa kulia umelala, na mtaalamu wa mazoezi hospitalini alitueleza bila kumung'unya maneno: vidole visipofanyishwa kazi sasa, vitakakamaa moja kwa moja. Akatupatia kampira laini. Baba akakatazama, akakatupa chini ya kitanda.

"Mimi si wa chekechea," akasema. "Nileteeni vifaru vyangu."

Vifaru ni gemu ya kulipuana kwa mizinga. Zamani, akichimba dhahabu Geita, shimo lake lilipotoa vizuri alirudi nyumbani Ngokolo na mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kaseti kwa juu. Kila Jumapili baada ya misa alitulipua sisi wanawe bila huruma. Basi nikaishusha juu ya kabati, nikaifuta vumbi, nikaiwasha. Muziki ulilia vizuri kabisa, lakini kwenye kioo cha televisheni palijaa takataka tupu.

Dada yangu akaipuliza kaseti kama utotoni. Mimi nikaisugua kwa spiriti. Baba akaagiza dawa yake ya siku zote: kipande cha boksi la kiberiti, kikunjwe, kisokomezwe nyuma ya kaseti. Safari hii wapi!

"Itupeni," dada akasema.

Nilichukia. Kazi yangu ni kufunga umeme wa jua, nimepanda mapaa mpaka vijiji vya Samuye. Leo kimashine cha plastiki kinishinde, na vidole vya baba vinangoja?

Nikabonyeza kitufe cha pedi ya kuchezea. Mzinga ukalia. Kumbe gemu inakwenda, ila picha ndiyo mbovu! Nikaperuzi kwenye simu hadi nikaelewa: kaseti ile ina hifadhi mbili, moja ya programu na nyingine ya picha, na kila moja ina pini zake kwenye tundu. Kwa kuwa gemu inakwenda, za programu nikaachana nazo hapo hapo.

Kisha nikayatazama yale matakataka kwa makini. Penye B palikaa A. Penye D palikaa C. Mashine huita kila picha kwa namba yake, na kila pini hubeba sehemu ya namba hiyo. Pini moja ikinyamaza, namba mbili zinakuwa moja, kama mgeni anayetafuta nyumba namba tano halafu kila mara anagonga namba nne. Kwa hiyo nilikuwa natafuta pini moja tu. Nilijisikia mkubwa kuliko nyumba.

Nikaifungua mashine, nikaweka multimita kwenye mlio, inayolia pii njia ya umeme ikiwa nzima. Nagusa pini, nagusa njia yake kwenye saketi: pii. Inayofuata, pii. Nikafika mstari wa nyuma, pini moja ikanyamaza. Risasi ya kuchomelea iliyoishikilia ilikuwa na ufa mwembamba, mahali palepale kiberiti kilipokuwa kikikandamiza miaka yote.

"Baba, dawa yako ndiyo iliyoua mgonjwa."

"Na miaka yote hiyo aliishi kwa dawa ya nani?" akajibu, hata haya hana.

Nikayeyusha risasi mpya kidogo, nikachomeka kaseti bila kiberiti, nikawasha. A ikawa A, B ikawa B. Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Nikampa baba pedi. Kidole gumba cha kulia kilikaa juu ya kitufe kama si chake. Nikamlipua. Nikamlipua tena. Dada akanikonyeza nimwachie ashinde. Nikajifanya sijaona, maana baba angejua, na pedi ingefuata mpira chini ya kitanda. Baba akauma meno, jasho likamtoka. Kidole kikatetemeka, kikainama, kitufe kikabonyea.

Kifaru changu kikalipuka.

"Umeona, mayu!" akapiga kelele, akiniita mama kwa Kisukuma kama anavyofanya akifurahi. "Umekwisha!"

Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Haki ya Mungu, sikumwachia.