Nukta Nyeupe kwenye Cheni

Waithera hakuipenda rangi ya dukani. Kuwekea injini alama, alitumia unga mweupe wa mawe ya Kariandusi, alioletewa na binamu yake anayechimba huko, akaukoroga kwa gundi ya mbao. Ulikauka upesi, ukang'aa kama jino la mtoto.

Siku hiyo, kwenye gereji yake Lanet, alikuwa ametoa kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, iliyolika kwenye pikapu ya mzee Jamleck wa Bahati. Kabla ya kuigusa alizungusha injini mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu kabisa. Akatia nukta kwenye jino moja la gia yake na nyingine kwenye pingili ya cheni iliyolikabili, kisha akaifunga cheni kwa waya isishuke. Ukikosea jino moja, valvu hugonga pistoni, na injini imekwisha. Jamleck hakuwa na gari lingine, na kabichi zake zilikuwa zimeshakatwa.

Alipokwisha kuweka kamshafti mpya, akafika kwenye kurudisha gia, hakuona nukta hata moja.

"Fundi, unatafuta nini?" Jamleck aliuliza, amekalia debe.

"Alama zimeenda, mzee."

"Zimeenda bila kuaga?"

Fundi mwingine angekadiria. Waithera alitaka kujua kwanza: gundi ile haibanduliwi na oili, sasa weupe umekwenda wapi? Akapitisha ukucha juu ya meno, moja moja. La tisa likakwaruza. Nukta ilikuwepo, ilikuwa imekunywa oili mpaka ikafanana na chuma.

"Mzee, una ile sindano yako ya kuchanjia ng'ombe?"

"Sasa injini ina homa?"

Aliitoa ndani ya pikapu, mpya, bado kwenye karatasi yake. Waithera akadondosha petroli tone kwa tone kuosha oili, akapuliza, akangoja ikauke. Weupe ukarudi polepole, kwanza kwenye jino, halafu kwenye cheni. Jamleck akasimama, akainama karibu, akasahau mzaha.

Waithera akalinganisha nukta, akakaza, akazungusha injini kwa spana mizunguko miwili, taratibu, akisikiliza kwa kiganja. Hakuna kilichogonga.

"Washa, mzee."

"Ikivunjika nimlaumu nani?"

"Mimi. Washa."

Ikashika mara ya kwanza, ikatulia. Jamleck alipogeuka kumshukuru, alimkuta amechuchumaa, ametia nukta mpya kwenye kipande cha bati, akiimwagia oili huku akitazama saa, aone itachukua dakika ngapi kufifia.