Kuku wa Binti Mkubwa

Riwaya ile nilipewa na mwalimu mwenzangu pale Kitui, akaniapia kwamba nitaipenda. Sikuipenda. Ina ndugu watatu wanaomngoja mama yao afe ili wauze shamba la kando ya barabara, na hakuna hata mmoja ambaye ungemkaribisha kwako. Mwandishi hawakemei. Anawaandika vizuri mpaka unashikwa na hasira. Nilikitupa kitabu kitandani mara kadhaa, kisha nikakiokota nijue wamefanya nini tena. Kwa kweli nilifurahia kuwachukia.

Likizo ya Agosti nilienda nacho nyumbani, karibu na Kambu, kumtunza mama. Macho yake yamefifia, kwa hivyo alasiri nilimsomea barazani huku akiambua mbaazi. Nilidhani atakemea, maana ni mama wa kanisa hasa. Badala yake alicheka. Aliwapenda wale mashetani.

"Huyo msichana mkubwa sasa ataanza kupikia mama yake vizuri," akasema siku moja kabla sijafungua ukurasa. "Atachinja kuku."

Nikafungua. Yule binti alikuwa ameshika kisu na kuku.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "nani alikusomea hiki kitabu?"

"Nani anisomee na ni wewe uko hapa? Endelea."

Ikawa hivyo kila alasiri. Vidole vyake vilisimama juu ya mbaazi, kisha akasema litakalotokea: kijana wa kati ataulizia cheti cha shamba, dalali atakuja na gari jeupe. Yote yalikuwemo. Nikaanza kusoma kwa sauti ya chini, kana kwamba wale watu wako jikoni wanatusikiliza. Niliogopa, sioni haya kusema.

Jumapili ndugu yangu, wa kati kwetu, alipiga simu kutoka mji wa Salama. Simu ilikuwa kwenye spika ili mama asalimiwe. Alimsalimia, akauliza kuhusu presha, halafu akasema, "Na ile title deed ya shamba, mama huweka wapi siku hizi?"

Mama aliinuka akaingia chumbani, nikasikia komeo.

Mimi, binti mkubwa kwetu, sijawahi kulitaka shamba lile. Nilitaka mama alijue hilo, lakini kila neno nililotafuta lilikuwa limeshasemwa na yule binti wa kitabuni. "Sitaki kitu, mama," alisema yule, akidanganya. Basi nikaamua kumwonyesha kwa vitendo. Kesho yake nikachinja kuku. Nilikumbuka kitabu nilipokuwa nimeshamnyonyoa.

Nikapakua, tukaomba. Zamani kwetu mpishi alionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone hakuna sumu. Mama aliacha mambo hayo alipookoka. Chakula huombewa, basi. Lakini baada ya amina akaisukuma sahani upande wangu.

"Onja kwanza."

Nilionja. Alikuwa kuku tu, chumvi imepungua kidogo. Lakini kijiko kilitetemeka mkononi mwangu, na kwa macho yake yale hafifu, mama akakiona.

"Hata yule alitetemeka," akasema.

Katika kusoma hatukuwa tumefika hapo, na mpaka leo sijakifungua tena kile kitabu. Mama aliivuta sahani, akala polepole mpaka akamaliza, akinitazama mimi wakati wote.