Giaboksi tuliyobadilisha Stafford, na ukurasa nilioruka

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, nikicheka vituko vya wenzangu. Leo naweka cha kwangu, na sitapunguza kitu hata pale ninapoonekana mjinga. Hasa pale.

Hii ni Houston, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilikuwa na digrii ya fasihi kutoka nyumbani na kazi ya kubandika lebo kwenye maboksi warehouse. Majirani zangu pale Stafford, pembeni ya jiji, waliniita Mwalimu. Sikuwahi kuwakataza.

Nilikuwa na sedan ya Kijapani, automatic, ya zamani kidogo. Giaboksi ikafa. Nikapata nyingine used kwenye yadi ya magari mabovu, na wa kuifunga alikuwa Papa Furaha, Mkongomani wa Uvira niliyekuwa nikisali naye kanisa moja.

Kwao alikuwa fundi wa malori. Mikono yake ilijua chuma. Lakini siku ya kwanza tu aliniambia wazi: "Prof, hii boîte automatique, giaboksi ya namna hii, mi sijaifungua bado. Na Kiingereza ya kitabu sijue. Utanisomea, mi nitafanya."

Huo ndio ukawa mpango. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kanisa na repair manual mapajani, yeye yuko chini ya gari. Nasoma Kiingereza, natoa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani, elimu yangu ilikuwa na kazi.

Nilijisikia vizuri mno.

Jumamosi ya pili, kazi ikikaribia kwisha, tulifika kwenye mchoro wa kebo nyembamba, mfano wa waya wa breki ya baiskeli, inayotoka kwenye injini kwenda kwenye giaboksi. Chini yake kulikuwa na nusu ukurasa wa maelezo. Niliyasoma mara mbili kimyakimya. Sikuelewa kitu.

Papa Furaha akatoka chini ya gari, akaweka kidole chenye oili juu ya mchoro. "Na hii kamba, kitabu inasema nini?"

Wakuu, ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Hapo wanaeleza mambo ya usalama tu. Ifunge kama ile ya zamani ilivyokuwa."

"Ya zamani niliitoa bila kupima."

"Basi kadiria."

Akakadiria.

Gari likawaka na likaondoka. Ila lilikuwa linabadilisha gia mapema mno, na kutoka ya pili kwenda ya tatu injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, kama mtu anayekimbia kwenye matope.

Tukaanza ku-troubleshoot. Tukapima oili ya giaboksi, iko sawa. Tukabadilisha filter. Tukachomoa plagi zote za nyaya na kuzirudisha. Kila tulipokwama aliniuliza, "Prof, kweli hakuna neno juu ya ile kamba?"

"Nilishakusomea yote."

Ningesema nini? Kwamba yale mambo ya usalama sasa yamegeuka kuwa kitu kingine?

Mwisho akafuta mikono. "Usipite nayo mbali. Zunguka nayo hapa hapa, mpaka tupate mtu anayeijua."

Wiki hiyohiyo jirani yetu Mama Upendo, mwanamke wa kwetu aliyekuwa akihudumia wagonjwa hospitali, alifiwa na kaka yake kule Dallas. Hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja. Mwili ulikuwa unasafirishwa kwenda nyumbani, na kuaga ni Jumamosi, mwisho saa sita mchana. Baada ya hapo jeneza linafungwa na kwenda airport.

Alitaka kupanda basi Ijumaa. Nikakataa. Wenzangu mnatujua: mtu wa nyumbani hawezi kwenda msibani kwa basi wakati mwanamume mwenye gari yupo.

"Mwalimu, gari litafika kweli?"

"Litafika."

Papa Furaha sikumwambia.

Tuliondoka Jumamosi saa moja asubuhi. Ni mwendo wa saa nne. Mpaka Huntsville lilikuwa linateleza ila linakwenda. Baada ya hapo nikaanza kusikia harufu ya kuungua. Mama Upendo naye aliisikia, akafungua kioo. Kabla hatujafika nusu ya njia, nilikanyaga mafuta, injini ikalia, na gari likaanza kupunguza mwendo lenyewe mpaka likasimama pembeni.

Mzee wa breakdown alikuja baada ya saa nzima. Akafungua boneti, akainua ile kebo kwa kidole kimoja. Ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Akauliza nani ameifunga hivi. Nikajibu, rafiki yangu.

Hata pale, wakuu. Rafiki yangu.

Mzee akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba hiyo ndiyo inaiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani. Ikilegea, presha ya oili inakuwa ndogo, klachi za ndani zinateleza hadi zinaungua. Ilikuwa ni sentensi mbili za Kiingereza chepesi.

Saa sita ilitukuta kwenye kituo cha mafuta alikotuvuta, tukimngoja Papa Furaha niliyempigia simu. Ndugu wa Dallas walipiga simu: hawawezi kuchelewesha, ndege haingoji. Shangazi yake akasema atamwekea marehemu simu sikioni, dada mtu aseme neno.

Mama Upendo alisimama karibu na mashine ya barafu, na viatu vyake vipya vyeusi, akashika simu kwa mikono miwili. Alisema, "Kaka, niko njiani."

Kisha akakata simu.

Papa Furaha alikuja kutuchukua na van ya kanisa. Kabla hata hajaliangalia gari alimwendea. "Pole, mama. Ni mikono yangu hii." Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Nikaangalia chini.

Tangu siku ile hakugusa tena gari la mtu.

Miaka ikapita. Nilipokuwa nahamia Missouri City nikakutana na kile kitabu kwenye boksi. Kwenye ule ukurasa bado kulikuwa na alama ya kidole chake.

Nikakipeleka kwake. Nikamwambia kila kitu. Hakufoka. Akavuta kiti. "Soma."

Nikasoma, na nisipoelewa nikasema sielewi. Alinisimamisha kabla ya mwisho. "Ilikuwa dakika tano, Prof. Dakika tano."

Kisha akauliza, "Mama Upendo anajua?"

"Hapana."

"Basi hujamaliza kusoma."

Mama Upendo yuko Pearland siku hizi. Tukikutana na habari ya siku ile ikitajwa, husema shetani alituwahi njiani. Nami huitikia amina.

Jumapili hii naenda kwake. Kitabu kiko kwenye kiti cha mbele tayari.

Nilichojifunza ni kidogo, na nilikipata kwa gharama ya mtu mwingine: usipoelewa, sema.

Aliyewahi kubeba neno kama hili akalitua, aniambie alianzaje. Wenye kunisema vibaya nao waandike, nitasoma zote bila kuruka.