Nilikosea densiti ya chuma, kaka yangu akapoteza mguu

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Kaka yangu Deo ndiye aliyenifundisha kuchomelea, hapa Kitendaguro, Bukoba. Yeye aliishia darasa la saba. Mimi nilisoma chuo cha ufundi kwa jasho lake.

Mwaka juzi tukapata kazi Muleba, kwenye kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa. Tuinue bamba la chuma la kukalishia mashine: mita mbili kwa moja, unene sentimita kumi. Cheni bloku yetu, ile winchi ya mnyororo ya kuinulia mizigo, ilikuwa ya tani moja, tena kuukuu.

Deo akalizunguka lile bamba, akaligonga kwa nyundo.

"Hili linazidi tani. Twende Bukoba tukaazime kubwa."

Nikatoa simu. Nilikuwa na jedwali langu: unaingiza vipimo, lenyewe linazidisha ujazo kwa densiti. Likaleta kilo 540.

"Kaka, ni nusu tani tu. Hesabu haidanganyi."

Akaliangalia tena. "Haya waitu, mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma," akasema, akafunga mnyororo.

Lilipanda kama futi mbili hivi. Deo akasogea kulielekeza kona. Ndoano ikafunguka, likamwangukia mguu wa kushoto.

Nikiwa kwenye benchi la hospitali, nikafungua lile jedwali. Densiti ilikuwa 2700.

Hiyo ni ya alumini. Jana yake nilikuwa nimempigia mteja mwingine hesabu ya mashiti ya alumini, sikubadilisha. Chuma ni kama kilo 7850 kwa mita moja ya ujazo. Zidisha kwa ujazo wa lile bamba, 0.2, mwenyewe: kilo 1,570.

Mguu ulikatwa juu ya goti.

Siku ya tatu nikamwambia ukweli. Akasema, "Mama asijue."

Mpaka leo mama huwaambia wageni ni mapenzi ya Mungu. Mimi nimekaa pale pale, naitikia.

Deo yuko kwake Buhembe, anapukuchua maharage na watoto. Karakana naendesha mimi. Shemeji ananishukuru eti sijawatupa.

Funzo wakuu: kabla ya kuzidisha, jiulize hiyo ni metali gani. Na fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini akikwambia kitu ni kizito, usimnyamazishe kwa simu.

Aliyewahi kumwumiza ndugu yake kwa ujuaji, aseme hapa anaishi naye vipi. Mimi nimeshindwa.