Plagi Mkononi mwa Bibi

Fundi wa majiko ya kupasha nyumba joto hasikilizi anayemwambia, "Nimeshazima." Huchomoa plagi mwenyewe, akampa mtu wa nyumba aishike. Kwetu alimpa bibi, aliyejikunyata ndani ya blanketi. "Usimpe mtu, bibi."

Akazoa punje za mbao, ndizo kuni za jiko letu, zilizojaa ndani yake, akapapasa waya mmoja mmoja huku akinong'ona, "Siyo wewe," hadi akaufikia wa feni inayosukuma joto, umeungua. Alipokuwa anafunga mpya, baba, baridi imemchosha, akanyoosha mkono apewe plagi. Bibi akaificha kwapani. "Toa mikono kwanza, mwanangu," akamwambia fundi alipomaliza. Fundi akaitoa yote miwili, akaitandaza mbele yake. Bibi akavihesabu vidole, akaishia tisa na kovu la zamani la cha kumi, akampa plagi.